Misalaba ya shaba ya Katanga iandikwe kabla haijauzwa

Mwaka 1961 Katanga, iliyokuwa imejitenga na Kongo chini ya Moïse Tshombe, ilitoa sarafu ya dhahabu ya faranga 5. Upande mmoja ina mkungu wa ndizi, upande wa pili ina msalaba wa shaba. Mkusanyaji wa sarafu akiishika leo, awe Brussels, New York au Dubai, anazijua habari zake zote za msingi. Ina uzito wa takriban gramu 13.3, dhahabu yake ni ya asilimia 90, na zilitengenezwa sarafu 20,000. Yote hayo yamo katika vitabu vya orodha ambavyo wakusanyaji hununua kila mwaka.

Msalaba wenyewe, ule uliochorwa kwenye sarafu hiyo, haukupata bahati hiyo. Unauzwa katika minada ya mtandaoni ya Ulaya na Marekani kwa makumi hadi mamia ya dola, na maelezo yake hayazidi mistari michache: pesa ya kale, shaba, Kongo, vipimo na uzito. Ulichimbwa wapi, mwaka gani, na ulilala kando ya nini ardhini, hayo hayaandikwi. Kitu cha juzi, chenye umri wa miaka sitini na kitu, kina kumbukumbu kamili. Kitu chenye umri wa karne kadhaa, kilichotoa alama yake kwa bendera na sarafu, hakina hata jina la kijiji.

Upungufu huo hauanzi kwa dalali wa Ulaya. Unaanzia ardhini, katika ukanda wa shaba wa Lualaba na Katanga ya Juu, ambako udongo unageuzwa usiku na mchana. Kolwezi, makao makuu ya mkoa wa Lualaba, ndiyo sehemu ya kuanzia kuurekebisha. Kazi ya kwanza haihitaji jengo la fahari wala marufuku mpya. Inahitaji kila msalaba unaotoka ardhini uandikwe kabla haujabadilisha mikono.

Pesa ya wala shaba

Msalaba huo huitwa handa, na kwa Kifaransa croisette. Umbo lake ni la herufi X au H, na hauna uhusiano wowote na msalaba wa Kikristo. Mingine ni midogo kiasi cha kushikwa kadhaa kwenye kiganja kimoja. Mingine inazidi sentimita 20 na kufikia karibu kilo moja. Mwingereza Verney Lovett Cameron, aliyevuka Afrika kati ya 1873 na 1875, aliikuta ikitumika katika biashara na akaiandika kwa jina hilo hilo la handa.

Utengenezaji wake ulikuwa kazi ya mafundi. Walikusanya malakiti, lile jiwe la kijani ambalo hadi leo linachongwa na kuuzwa Lubumbashi na Kolwezi kama pambo. Waliliyeyusha kwa makaa na mivukuto, kisha shaba ikamiminwa katika kalibu. Mwaka 1926 Jean-Félix de Hemptinne, kiongozi wa Kanisa Katoliki katika Katanga ya kikoloni, alichapisha maelezo ya namna mafundi wa Kiyeke walivyofanya kazi hiyo, na akawaita kwa jina lililobaki: wala shaba, yaani watu waliopata riziki yao kwa shaba.

Wayeke hao wana undugu na wasomaji wa Tanzania. Kiongozi wao Msiri alitoka Unyamwezi, akaweka makao Bunkeya katika karne ya 19, na akatawala biashara ya shaba na pembe kati ya pwani ya Bahari ya Hindi na ile ya Atlantiki hadi alipouawa tarehe 20 Desemba 1891 na msafara wa William Stairs. Lakini handa ni ya kale kuliko Msiri kwa karne nyingi. Wasanga na majirani zao walikuwa wakiyeyusha shaba muda mrefu kabla ya Wayeke kufika.

Mwaka 1892 mwanajiolojia Mbelgiji Jules Cornet alipopita Katanga alikuta mashimo ya kale ya wachimbaji wenyeji. Wataalamu wa Wazungu waliokuja baadaye walifuata mashimo hayo kutafuta madini, na mwaka 1906 ikaundwa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga. Ikumbukwe basi kwamba migodi mingi ya leo ipo pale pale walipochimba mafundi wa zamani. Kupanua shimo la kisasa mara nyingi ni kulifuta shimo la kale.

Yaliyosemwa na makaburi ya Sanga

Kinachojulikana kwa uhakika kuhusu handa hakikutokana na misalaba iliyouzwa. Kilitokana na misalaba iliyokutwa mahali pake.

Sanga ni sehemu iliyo kando ya Ziwa Kisale, katika bonde la Upemba ambamo Mto Lualaba unapita, mkoa wa sasa wa Lomami ya Juu. Jacques Nenquin alichimbua makaburi ya kale huko mwaka 1957, Jean Hiernaux akafuata mwaka 1958, na Pierre de Maret akaendelea miaka ya 1970 huko na katika maeneo jirani. Waliandika kila kaburi: mwili ulilalaje, vyungu vilikuwa wapi, shaba ilikuwa sehemu gani ya mwili.

Matokeo yake ni moja ya historia ndefu zaidi za pesa zinazojulikana Afrika ya Kati. Katika makaburi ya kati ya karne ya 10 na ya 13 misalaba ni michache. Shaba nyingi ni ya mapambo. Kuanzia karne ya 14 misalaba inaongezeka. Katika makaburi ya baadaye, hadi karne ya 18, misalaba inakuwa midogo, mingi, na inakaribiana kwa ukubwa. Inakutwa karibu na mkono au nyonga ya marehemu, mingine ikiwa imefungwa pamoja.

De Maret alisoma mabadiliko hayo hivi: mwanzoni msalaba ulikuwa kitu cha heshima, kilichotumika kwa malipo makubwa machache, pengine mahari au kodi kwa mtawala. Baadaye, ulipokuwa mdogo na wa kipimo kimoja, ukawa pesa ya kununulia vitu vya kawaida. Kwa hiyo watu wa Upemba walikuwa na pesa yenye viwango karne kadhaa kabla ya faranga ya Mbelgiji.

Bonde la Upemba halina shaba. Misalaba hiyo ilisafiri zaidi ya kilomita 200 kutoka ukanda wa shaba. Misalaba ya jamii hiyo imekutwa pia Ingombe Ilede, kusini mwa Zambia karibu na Mto Zambezi, katika makaburi ya watu waliozikwa na dhahabu na shanga. Kalibu ya jiwe ya kumiminia msalaba ilipatikana Zimbabwe Kuu. Ramani hiyo ya biashara imechorwa kwa sababu kila kitu kiliandikwa kilipolala. Kama misalaba ya Sanga ingeng'olewa na kuuzwa kwa kilo, kusingekuwa na cha kusimulia.

Herufi zilizo kwenye dhahabu ya Hispania

Wakusanyaji wa sarafu za dhahabu za makoloni ya Hispania wanaielewa hoja hii kuliko watu wengi. Sarafu zilizopigwa Mexico, Lima au Bogotá zina alama ya mji zilikotengenezwa na herufi za jina la mkaguzi aliyethibitisha ubora wa dhahabu, na nyingi zina mwaka. Alama ya Mexico, kwa mfano, ni herufi M yenye o ndogo juu yake. Hata sarafu ikikaa chini ya bahari miaka 300, kisha ikapita kwa madalali kumi, bado inaweza kueleza ilikozaliwa.

Handa haina herufi. Haina mwaka, haina jina la mfalme, haina alama ya fundi. Ushahidi wake mkubwa ni udongo ilimolala, kina cha shimo, kaburi, chungu kilichokuwa kando yake. Ukiitoa bila kuandika hayo, umefuta maandishi yake, na hakuna mtaalamu atakayeyarudisha yote.

Ni kweli kwamba maabara imepiga hatua. Katika miaka ya karibuni watafiti wamelinganisha kemia ya misalaba na isotopu za risasi zilizomo ndani yake na zile za mawe ya madini, na kwa njia hiyo misalaba mingi imehusishwa na ukanda wa shaba wa Kongo na Zambia. Lakini maabara husema jiwe lilitoka wapi. Haisemi nani aliushika msalaba huo, kwa malipo gani, wala alizikwa nao akiwa mtoto au mtu mzima.

Suala hili lina upande wa haki pia. Meli ya Hispania, Nuestra Señora de las Mercedes, ilizama karibu na pwani ya Ureno tarehe 5 Oktoba 1804 baada ya kushambuliwa na Waingereza. Mwaka 2007 kampuni ya Marekani, Odyssey Marine Exploration, ilitangaza kuwa imeopoa sarafu zaidi ya 500,000, nyingi za fedha na chache za dhahabu. Hispania ilikwenda mahakamani Marekani ikaonyesha kwamba meli ilikuwa yake, na Februari 2012 hazina hiyo ikapelekwa Madrid. Peru nayo ilidai, ikisema sarafu hizo zilipigwa katika ardhi yake, lakini haikufanikiwa.

Kongo inapaswa kulisoma shauri hilo kwa makini. Hispania ilishinda kwa kumbukumbu. Peru, ingawa ilishindwa, iliweza kusimama na kudai kwa sababu sarafu zenyewe zinataja zilikopigwa. Msalaba wa shaba ukitokea kesho katika mnada wa Paris bila karatasi, Kongo itaanzia wapi? Zambia nayo inaweza kusema ni wake.

Bei isiyo na tarehe

Wauzaji wengi wa handa hurudia maelezo yanayofanana: kwamba msalaba mmoja ulinunua kilo kumi za unga, au kuku watano au sita, au mashoka kadhaa, na kwamba kwa misalaba michache mtu alipata bunduki. Maelezo hayo yanapendeza, na huenda mahali fulani, siku fulani, yalikuwa kweli.

Lakini bei bila mwaka na bila soko si historia. Unga ukiwa ghali wakati wa njaa, msalaba hununua kidogo. Msalaba ukiwa mbali na tanuri, hununua zaidi. Misalaba ya Upemba ya karne ya 17 na ile iliyotumika Kasai wakati wa ukoloni haikuwa na ukubwa mmoja wala thamani moja. Mnunuzi anayesoma mstari huo anadhani ameelimishwa, kumbe ameuziwa hadithi iliyong'olewa mahali pake sawasawa na msalaba wenyewe.

Upungufu huo unatoa nafasi kwa waghushi pia. Kumimina shaba katika kalibu yenye umbo la X si kazi ngumu kwa fundi wa Katanga, na misalaba mipya ya mapambo inatengenezwa na kuuzwa wazi bila kosa lolote. Tatizo linakuja pale mpya inapozeeshwa na kuitwa ya kale. Palipo na kumbukumbu ya ulikochimbwa, udanganyifu unakuwa mgumu. Pasipo na kumbukumbu, mkusanyaji mwaminifu na tapeli wanauza kitu kimoja kwa maneno yale yale.

Kolwezi inachimba

Mwaka 2014 ilijulikana kwamba chini ya nyumba za mtaa wa Kasulo, Kolwezi, kuna madini ya kobalti. Wakazi wakaanza kuchimba uani, na wengine ndani ya nyumba zao wenyewe. Tukio hilo linaeleza hali ya mji vizuri. Hapa hakuna ardhi iliyokaa kimya. Kampuni kubwa zinachimba kwa mitambo, wachimbaji wa mikono, wale wanaoitwa creuseurs, wanachimba kwa sururu na koleo, na barabara na nyumba mpya nazo zinafukua.

Sheria zipo. Sheria ya tarehe 15 Machi 1971 inalinda mali za utamaduni. Kongo ilijiunga na mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 unaozuia biashara haramu ya mali za aina hiyo. Sheria ya Madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, haimpi mwenye leseni haki ya kuhamisha vitu vya kale anavyovikuta, na inamtaka aitaarifu serikali kwa maandishi.

Hata hivyo, sheria hiyo inamzungumzia mwenye leseni. Creuseur hana leseni ya aina hiyo, hana karatasi za kuandikia serikali, na hana siku ya kupoteza. Akikutana na kipande cha shaba chenye umbo la X, mbele yake kuna njia mbili: kukiuza kama chuma chakavu au kumpa dalali wa vitu vya kale. Mwaka 2024 bei ya shaba katika soko la London ilivuka dola 10,000 kwa tani, yaani dola 10 kwa kilo, na mtu wa Kolwezi hapati bei ya London. Msalaba wa kilo moja ukienda kwenye vyuma chakavu unampa pesa ya chakula cha siku moja au mbili. Ukienda kwa dalali, atapata zaidi kidogo, na faida kubwa itabaki njiani.

Hoja za upande wa pili

Kuna watakaosema kwamba mkoa wenye watu wanaokosa maji safi na shule hauna haja ya kuhangaikia misalaba. Hoja hiyo ni nzito, lakini inakosea jambo moja: kuandika hakuchukui chakula cha mtu. Shule za Kolwezi zinazofundisha watoto kwamba shaba yao ilianza na Wabelgiji zinawanyima kitu ambacho hakigharimu hata dola moja kuwapa.

Wengine wanasema heri wakusanyaji wa ng'ambo, maana kwao vitu vinatunzwa. Wana mfano mkononi. Kati ya 1976 na 1982 jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, lilirudisha Zaire vitu 114, na baadhi yake viliibwa baadaye na kuonekana sokoni. Hilo halikanushiki. Lakini vile vilivyoonekana vilitambuliwa kwa sababu vilikuwa na orodha. Mwaka 2022 Ubelgiji iliikabidhi Kongo orodha ya vitu takriban 84,000 vilivyoko Tervuren. Mazungumzo ya kurudisha yameanza na karatasi, si na vitu.

Wapo pia wanaohofia siasa. Misalaba mitatu ilikuwa kwenye bendera ya Katanga ya Tshombe, na kwa baadhi ya watu alama hiyo bado inanukia kujitenga. Dawa ya hofu hiyo ni historia yenyewe. Handa ilinunua na kuuza kutoka Upemba hadi Zambezi kabla hapajawa na Katanga wala Kongo katika ramani. Chama cha siasa hakiwezi kuidai peke yake.

Kinachowezekana

Kinachotakiwa si kuwafukuza wakusanyaji. Mkusanyaji mwenye mizani, daftari na subira amesaidia sana elimu ya sarafu za Hispania, na anaweza kuisaidia elimu ya handa. Kinachotakiwa ni mnunuzi kukataa msalaba usio na habari zake.

Kwa upande wa Kolwezi, hatua ya kwanza ni fomu ya ukurasa mmoja: mahali, tarehe, kina cha shimo, uzito, urefu wa mikono ya msalaba, vitu vilivyokutwa karibu, na picha mbili za simu, moja ikionyesha msalaba ukiwa bado ardhini. Jina la mchimbaji liwe siri ili asiogope kukamatwa. Fomu hizo zikae Chuo Kikuu cha Kolwezi, nakala ziende Chuo Kikuu cha Lubumbashi na Jumba la Makumbusho la Taifa la Lubumbashi.

Hatua ya pili ni malipo. Mchimbaji anayeleta taarifa, hata bila msalaba, apewe kitu kinachozidi bei ya chuma chakavu. Kwa kampuni zinazopima faida kwa mamilioni ya dola, mfuko wa namna hiyo ni gharama ndogo kuliko tairi moja la lori la mgodini. Vyama vya ushirika vya wachimbaji wa mikono vipewe kazi ya kueneza habari, maana creuseur humsikiliza mwenzake kabla ya kumsikiliza ofisa.

Hatua ya tatu ni ya wauzaji wa minada wa Ulaya na Marekani: waandike wazi katika tangazo kwamba asili ya msalaba haijulikani, badala ya kuifunika kwa habari za kuku na unga. Wakilazimika kuandika hivyo, bei ya msalaba usio na karatasi itashuka, na ule wenye karatasi utapanda.

Hatua hizo hazitairudisha misalaba iliyokwisha kuyeyushwa au kutawanyika. Lakini mitambo ya Kolwezi itawashwa tena kesho asubuhi, na ardhi itakayogeuzwa wiki hii haitageuzwa mara ya pili. Msalaba utakaotoka humo utakuwa na siku moja tu ya kuandikwa, nayo ni siku ile utakapoonekana.